Mle Hamna Kitu

Maji yaligeuka mekundu kabla sijaanza kusugua. Nilikuwa nimevilundika vile vitambaa ndani ya karai, vyeupe, vyekundu na vya kaniki, nikamimina ndoo ya kwanza, na rangi ikapanda juu polepole kama mate ya mla tambuu. Nikamwaga, nikamimina tena. Mara ya tatu maji yakawa ya waridi, na mjukuu wangu Somoe, aliyekuwa na miaka sita, akachuchumaa upande wa pili wa karai akichungulia.

"Bibi, hizi nguo za nani?"

"Hazina mwenyewe."

"Mbona vipande vipande? Alivaa nani?"

"Ilivishwa miti."

Akawaza kidogo. "Kwani miti nayo inaona haya?"

Nilicheka mpaka nikashika kiuno. Huyo ndiye Somoe, binti wa mwanangu Twalib, mke mwenzangu, kama tunavyoitana bibi na mjukuu huku kwetu. Ukimjibu swali moja, tayari ameshika la pili nyuma ya mgongo.

Siku hiyo nilikuwa na furaha ya mtu aliyemaliza kufagia nyumba nzima. Vitambaa vile nilivifungua mwenyewe asubuhi, fundo kwa fundo, kwenye mvule mkubwa uliokuwa mle. Nilikusudia nivifue, nivianike, viwe matambara ya kushikia sufuria. Kimoja tu sikukitia kwenye karai. Kilikuwa cha tetroni ya buluu, kitambaa kisichojua kuoza, na gome la mti lilikuwa limekimeza nusu. Nilikichomoa kwa ncha ya kisu. Kilikuwa kipande cha shati la mwanangu wa kwanza, Huseni. Nilikifunga pale kwa mikono yangu nikiwa na miaka ishirini na mitatu, na siku ya tatu yake Huseni akafa.

Kijiji chetu kiko upande wa Kilangala, ardhi inapoanza kushuka kwenda pwani. Pale kila kitu kina jina. Mawe yana majina, kona za njia zina majina, hata mnazi uliopinda una jina la mtu aliyeanguka kutoka juu yake. Kichaka kile peke yake hakikuwa na jina. Watu walisema "mle" tu. Mbuzi amepotea, huenda kaingia mle. Usikate njia ukapita mle. Mle mna kitu. Ukimwuliza mtu ni kitu gani, anakuuliza wewe habari za nyumbani kwako.

Kwenye ukingo wake, chini ya mizizi, ndipo yalipotoka maji. Hayakuwa mengi. Yalitoka kwa unene wa mkono wa mtoto, baridi, mwaka mzima, Oktoba na Machi sawasawa. Kijiji chote kilikunywa pale.

Yalikuwa na masharti yake. Viatu unaviacha nje. Hukati kitu mle, hata kijiti cha mswaki. Sufuria yenye masizi haigusi maji; unachota kwa kata ya kifuu iliyotundikwa palepale. Na kabla hujaingia unapiga hodi. Si mlango, si ua, ni miti mitupu, lakini unasimama miguu mitupu na kusema hodi kama unaingia kwa watu. Kisha unasubiri ujibiwe.

Aliyejibu ni Mama Mkubwa Mwanaidi, dada yake mama yangu, ambaye nyumba yake ilikuwa mdomoni mwa njia. Popote alipokuwa uani alijibu, hata akiwa na tonge mdomoni: "Karibuni. Chukueni, bakizeni." Maneno matatu, basi. Kama ameingia msalani, wanawake walikaa na ndoo zao wakimngoja, na yeye hakuwa mtu wa kufanya haraka. Kazi hiyo aliipokea kwa mama yake mkubwa, na baada yake ilikuwa ije kwangu, maana huku kwetu mambo kama hayo hupitia tumbo la mama.

Msidhani nawaelezea mtu mpole. Mama Mkubwa alikuwa mkali, mchoyo wa chumvi, na aliwapenda sana kuku. Mwenye shida alipeleka kuku na kitambaa. Kuku akiwa mwembamba alirudishwa. Huseni aliposhikwa na surua nilipeleka majike mawili meusi. Aliwapima kwa kiganja, akaniambia nichane shati la mtoto. "Kifunge, uondoke, usigeuke nyuma." Sikugeuka. Siku tuliyomzika Huseni, nikiwa nimekaa mkekani na wenzangu, upepo ulileta harufu ya mchuzi kutoka jikoni kwake. Mchuzi wa kuku. Harufu ile nilikaa nayo miaka zaidi ya thelathini.

Kwa hiyo Ustadhi Abdulatifu alipokuja kutoka mjini Lindi kuanzisha darasa la akina mama, alinikuta nimeshaiva.

Alikuwa kijana mwenye adabu. Alitupa shikamoo sote, hata waliomzidi kwa miaka miwili. Mimi niliishia darasa la saba, na Kurani nilikuwa naisoma kwa kukariri, kama kasuku. Yeye alinifundisha herufi kwa herufi, na siku niliyosoma ukurasa mzima bila kushikwa mkono nililia mbele ya watu. Siku moja alitueleza kwamba anayeomba uzima kwa mti amemshirikisha Mungu. Alilisema bila ukali. Hakusema tukate kitu. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu baadaye watu walimtupia yeye lawama, na mimi niliwaacha wamtupie kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili.

Mwaka ule ufuta ulikuwa umepanda thamani kuliko wakati wowote. Mashamba yetu yalikuwa yamechoka, na ufuta unapenda ardhi mpya, iliyotoka tu kuwa msitu. Twalib alikuwa na watoto watatu na nyumba ya makuti iliyovuja kila kona. Hakuwa mharibifu. Alikuwa baba, na kila alipotazama mle aliona eka.

Mkutano ulifanyika shuleni. Tulikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakitugonga kidevu. Mwenyekiti, Mzee Ramadhani, alisoma ombi: vijana kumi na mmoja, Twalib akiwa mbele, wanaomba kile kichaka kigawanywe. Kisha akakunja karatasi, na kila mmoja akamngoja mwenzake aogope kwa niaba yake.

Kulikuwa na binti kutoka wilayani, afisa misitu, jina lake Justa. Alikuwa amevaa suruali, na akina mama waliitazama suruali hiyo zaidi ya kumsikiliza. Alisema miti ndiyo inayoshika maji. Alisema sheria inataka ziachwe mita sitini kutoka kwenye chanzo.

"Mita zako zina miguu?" akauliza mtu wa nyuma. "Maana zitakuja kutulinda sisi, wewe ukishapanda pikipiki yako ukaenda zako." Watu wakacheka.

Jirani yangu Consolata alinyoosha mkono. Yeye ni Mmakonde wa kule juu, Mkristo, alikuja kulima na mumewe Cletus, na kwa hesabu ya wenyeji miaka yake kumi na sita pale ilikuwa bado ni ugeni. "Mimi nimezaliwa pasipo maji," alisema. "Mama yangu alishuka bondeni alfajiri akapanda mchana, ndoo moja kichwani. Mle sijui mna nini, na padri wangu naye hapendi mambo hayo. Lakini ningekuwa ninyi, hata angekuwa shetani, ningempikia uji kila siku asiondoke."

Watu walicheka tena, kwa huruma, kama wanavyocheka wenye maji.

Mzee Ramadhani akamgeukia Mama Mkubwa. Alikuwa ameletwa amebebwa kwenye kiti, tumbo limemvimba, miguu haimchukui tena. Alitutazama kwa zamu. "Mimi naondoka," akasema. "Mwulizeni anayebaki kujibu hodi."

Macho yote yakaja kwangu.

Nilikuwa nimejiandaa kusema mengi, na aya nilikuwa nimezikariri. Nilipoinuka, goti likakwama chini ya dawati, nikajikwamua, na nikajikuta nanusa mchuzi. Yaliyotoka ni maneno matatu.

"Mle hamna kitu."

Nilimaanisha hamna wa kuabudiwa. Nilimaanisha Huseni hakuuawa wala hakuachwa na mti. Kwa lugha ya kwetu, lakini, neno lile lina masikio mengi. Nyumba hamna kitu, maana yake mwizi asijisumbue. Sufuria hamna kitu, maana yake ioshwe. Niliona jinsi mabega ya wanaume yalivyoshuka, kama watu waliotuliwa mzigo.

"Mama, mna maji," akasema Justa polepole.

"Maji ni ya Mungu, mwanangu," nikamjibu. "Alipoyaleta hakuuomba mvule ruhusa."

Watu wakaitikia kwamba ni kweli, na ombi likapita. Mpaka leo sijaona kosa katika sentensi ile, na hilo ndilo linalonitisha.

Kesho yake ndipo nilipofungua vile vitambaa. Nilivianika kwenye ua wa makuti, na Mama Mkubwa, aliyekuwa amelazwa barazani kwangu kwa sababu hakuwa na mwingine wa kumwuguza, aliviona vikipepea.

"Umechukia kwa ajili ya kuku wako wawili," alisema.

"Mwanangu alikufa."

"Wangu nimezika wanne."

Nilikuwa najua kwamba hakuwa na watoto. Sikuwahi kujua kwamba aliwahi kuwa nao. Alikuwa mtu mzima mimi nikiwa bado nanyonya, na hakuna aliyepata kunisimulia.

"Vitambaa vyao vimo kwenye ua wako huo," akasema. "Ulidhani mimi nilifungiwa na nani?"

"Sasa kama hawakupona, uliendelea kufunga ili iweje?"

"Mtu anahitaji pa kwenda," alisema. "Pasipolimwa. Pasipouzwa. Ukishajua pako, hata kama huendi." Kisha akaniomba nimpatie vinne. Nikamwuliza vipi ni vyake. "Vyovyote," akasema. "Si umevichanganya?"

Nilimpa vinne vyeupe. Alifariki mwezi ule ule. Tulipokuja kumwosha tulivikuta chini ya mto wake, vimekunjwa kama leso za Idi.

Justa alirudi na kamba ya kupimia na kopo la rangi, akaizungushia miti ya mpakani duara nyekundu. Nilisimama mlangoni mwa Mama Mkubwa nikamwangalia, nikasema moyoni, basi naye anaifunga vitambaa. Tofauti ni kwamba vyake vilitoka na mvua ya kwanza. Watu waliofundishwa tangu utotoni kutoingia na viatu hawakuwa wamefundishwa kuogopa rangi.

Mvule ulikatwa siku tatu. Mbega walitoka juu juu, weusi kwa weupe, wakashuka kwenye paa la shule, wakakaa mstari mmoja na mikia yao inaning'inia, wakitazama. Watoto walikatazwa kuwapiga mawe, na hilo nalo lilikuwa jambo la ajabu, kwamba kwa mbega tulikuwa bado na haya. Siku ya pili walikuwa wameondoka. Kisha moto ukatiwa, na kwa wiki nzima tulipiga chafya ya majivu.

Ufuta wa mwaka wa kwanza, nitakuwa mwongo nikisema haukuwa mzuri. Maua meupe yalijaa kutoka mlangoni mwa Mama Mkubwa hadi kwenye miti ya duara za Justa, na nyuki wakiimba. Twalib aliezeka bati. Siku mvua ilipolipiga bati lile kwa mara ya kwanza alicheka kama mtoto, akampandisha Somoe mabegani, wakacheza ngoma chumbani bila tone kuwagusa. Na maji yalikuwa yanatoka vilevile. Nilipita pale kila siku na ndoo yangu bila kupiga hodi, nimevaa kandambili, nikawa najiambia: umeona?

Kwa kuwa mle hamna kitu, watu walianza kuchota kwa sufuria za masizi. Kata ya kifuu ikapotea. Vijana wakaleta pikipiki zao kuziosha. Mbuzi wakanywa wakiwa wamesimama ndani. Mwaka wa pili miti ya duara za Justa ikafikiwa na zamu yake, mmoja mmoja, wa kuni, wa mlango, wa kitanda cha bwana harusi. Mwaka wa tatu maji yakawa unene wa kidole. Mwaka wa nne yakawa jasho. Ulikandamiza kikombe kwenye udongo, ukangoja, ukakamua kwa kitambaa. Mwaka wa tano niliweka kiganja pale chini, na udongo ulikuwa mkavu na wa vuguvugu, kama tandiko la mtu aliyeinuka sasa hivi.

Justa alikuja siku moja. Aliangalia, akaandika kidogo kwenye daftari lake, akalifunga. Nilitaka anigombeze. Alinisalimu tu, "Shikamoo mama," nikaitikia marahaba, akaondoka. Ufuta nao ulikwisha kuichoka ardhi ile. Twalib alikuwa ameshaenda kufyeka mbele zaidi.

Tulianza kuchimba mtoni. Ni mto wa mchanga, una maji siku chache za masika, zilizobaki ni barabara ya vumbi. Ukichimba unakuta unyevu, kisha tope, kisha maji ya rangi ya chai ya maziwa. Mwanzoni shimo lilikuwa kimo cha magoti. Likawa kimo cha kiuno. Kufikia mwaka ule wa sita lilikuwa linammeza mtu mzima na mikono yake juu, jembamba, maana ukilipanua mchanga unashuka. Aliyetakiwa kuingia ni mtu mwembamba.

Somoe alikuwa na miaka kumi na miwili, mrefu, kama ufito.

Foleni pale ilikuwa ya saa nzima, wakati mwingine saa tatu, tukingoja maji yajikusanye tena kikombe kwa kikombe. Ndiyo sababu tulitega vitendawili. Mimi ndiye niliyemfundisha, na alinipita. "Kila jioni namzika, kila asubuhi ananipikia," nilimtega siku moja, na kabla sijafunga mdomo akajibu: "Kaa la moto chini ya majivu. Nitegee cha watu wazima, mke mwenza."

Kilichompendeza zaidi ni kupewa miji. Mnajua desturi: ukishindwa, mwenzako anakuambia nipe mji; unampa, anautawala kidogo kwa maneno, ndipo anakufumbulia. Wengine huupokea mji na kupita. Yeye aliukalia. Nilipompa Mtama alisema, "Nimefika Mtama, nimekuta gulio, nikala maandazi ya kila mtu, nikasema deni mtamdai bibi yangu." Nilipompa Kilwa alisema ameukuta msikiti wa kale hauna paa, akauezeka kwa bati la baba yake. Foleni nzima ilimsikiliza. Consolata alikuwa akisema mtoto yule angefaa kuwa mwenyekiti, Mzee Ramadhani astaafu.

Asubuhi ile jua lilikuwa limeshapanda, kama saa nne. Foleni yetu ilikuwa imefika. Somoe alishuka kwa kamba, na Jenipher, binti wa Consolata, akasimama juu kupokea ndoo. Mimi nilikaa kwenye ukingo, miguu yangu mchangani, kiasi kwamba nilikiona kichwa chake na ushungi wa kijani akiinama na kuinuka.

"Kitendawili," alisema kutoka chini. Sauti yake ilitoka nene, kama ya mtu mzima.

"Tega."

"Mle hamna kitu, kikiisha tunalia."

Watu wawili watatu kwenye foleni walikohoa. Maneno yale yalikuwa yangu, na kijiji kizima kilikuwa kinayatumia kwa utani nyuma ya mgongo wangu: wali hamna kitu, mfuko hamna kitu, kama alivyosema Mama Twalib. Nadhani yeye aliyaokota kwa watoto wenzake, hakujua yalikotoka. Au alijua. Alikuwa mtu wa swali la pili.

"Tumbo," nikasema.

"Siyo."

"Kibuyu."

"Siyo, Bibi. Umeshindwa. Nipe mji."

"Chukua Mtama."

"Ninao."

"Chukua Lindi."

"Ninayo, na bahari yake. Nipe ambao hujanipa."

Nikapekua miji kichwani. Nilikuwa nimempa yote niliyoijua. Nikaona Jenipher anarudi nyuma hatua moja, akiutazama mguu wake, na nikasikia sauti ndogo sana, kama mtu anayemimina mchele kwenye ungo.

Ushungi wa kijani haukuwepo tena. Palikuwa na mchanga, mkavu, sawasawa, umekaa kama ulivyokaa siku zote.

Consolata ndiye aliyefika wa kwanza. Alichimba kwa mikono, kisha kwa ndoo, kisha wanaume wakaja na majembe, na kila walichotoa kilirudi. Walimpata adhuhuri. Twalib alikuwa shambani mbali, alikuja akikimbia, na alipofika tulikuwa tumeshamlaza kwenye kanga. Alimfuta mchanga puani kwa kidole chake kidogo, taratibu, kana kwamba anaogopa kumwamsha. Hakunitazama. Hakupata kuniambia neno lolote baya, siku hiyo wala baadaye. Mpaka kesho nasubiri.

Maji ya kumwosha yaliletwa na watu wa kijiji cha jirani, kwa pikipiki, madumu manne.

Sasa nakaa Rasbura, mjini Lindi, kwa binti yangu, ambako maji yanatoka ukutani. Wajukuu wa huku hufungua bomba, wakaenda kuangalia simu, ndoo ikafurika. Siwagombezi. Naamka, nafunga, narudi kukaa. Watu wananiuliza jibu la kile kitendawili, maana nimewasimulia wengi. Mmoja alisema ni kisima. Mwingine, mwalimu, akasema ni pumzi. Consolata alinitumia salamu kwamba yeye amelala akiwaza na kuona ni mle penyewe. Kila mmoja namwambia huenda. Mwenye jibu hakunifumbulia, kwa sababu mimi sikumaliza kutoa mji.

Mwaka jana nilikwenda kijijini kwa dua. Asubuhi nilitembea peke yangu hadi kwenye ile njia. Nyumba ya Mama Mkubwa imebaki kuta mbili. Mbele yake ni uwanda wa nyasi kavu na visiki vyeusi, unaona hadi upande wa pili, unaona hadi barabara. Kile kipande cha tetroni nilikuwa nacho kwenye pindo la kanga. Nilikuja nikidhani nitapata mahali pa kukifunga.

Nikamwona Twalib anakuja kutoka upande wa nyumbani, na kopo lenye mche wa mvule mkononi na galoni la maji kwenye bega. Ni mche wa tatu huo, nilikuwa nimeshasikia. Wa kwanza uliliwa na mbuzi, wa pili ulikaushwa na kiangazi. Hakuwa ameniona, nilikuwa nimekaa nyuma ya ukuta. Alifika pale ambapo zamani miti ilianzia, pasipo na kitu chochote cha kuonyesha kwamba pana mwanzo, akatua galoni. Akavua kandambili, ya kulia kisha ya kushoto, akazipanga kando.

"Hodi," akasema.

Akasubiri. Upepo ulipita kwenye nyasi. Alihamisha kopo kutoka mkono huu kwenda mwingine, akaendelea kusubiri, mtu mzima wa miaka arobaini na tano amesimama miguu mitupu juani mbele ya uwanda.

Ilinichukua muda kukumbuka kwamba anayetakiwa kujibu ni mimi.

"Karibu," nikasema.

Yale maneno mengine mawili sikuyatamka. Aligeuka, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu siku ile, kisha akaingia.